Siku Niliyomwosha Karani kwa Maji ya Josho

Juzi jirani yangu alikuwa akimpulizia ng'ombe wake dawa ya kupe kwa pampu ya mgongoni, na upepo ukaileta harufu hadi kibarazani nilipokuwa nimekaa nikichambua maharagwe. Ni harufu kali ya mafuta iliyochanganyika na kitu kama kiberiti, inayokwama kooni na kukataa kushuka. Sikukunja pua wala sikukohoa. Nilificha mikono mgongoni. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, nikaficha mikono kama mtoto aliyekutwa na kijiko ndani ya kopo la sukari! Nilicheka peke yangu mpaka maharagwe yakamwagika. Sasa ngoja niwaeleze sababu, maana kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nakisimulia vibaya.

Kwetu ni kaskazini ya Malaba, kwenye njia ya kwenda Kocholia. Ukipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya boma letu siku isiyo na ukungu, uliuona mwamba wa Tororo ng'ambo ya Uganda, na sisi watoto tuliamini kwamba watu wa huko nao walikuwa wamepanda kitu wanatutazama. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Nyumbani tulikuwa wanne: baba yangu, ambaye kwa Kiteso tulimwita Papa, mama yangu, bibi yangu mzaa baba tuliyemwita Tata, na mimi Amoit, mwenye miaka tisa na maswali mengi. Kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni kwa mapadre, kwa hiyo kazi ya kuswaga ng'ombe iliniangukia mimi. Papa hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mimi nililipenda sana.

Halafu alikuwapo paka.

Aliletwa kwa sababu ya panya. Mwaka huo walikuwa wameingia ghalani wakala wimbi la kupanda na la kusaga, na hata mifuko wakaitoboa kana kwamba wimbi peke yake halitoshi. Mama akaenda Malaba kwa Mama Hadija, mke wa muuza duka mmoja Mwislamu karibu na stesheni ya reli, ambaye nyumba yake ilikuwa na paka kila mahali, juu ya magunia ya unga na chini ya meza ya mizani. Kwetu paka hatolewi bure. Watu walishikilia kwamba paka aliyetolewa bure hakamati panya, na tena usiku wa kwanza hurudi alikotoka. Kwa hiyo mama alikwenda na kuku kwapani. Mama Hadija alicheka sana, akasema kwao paka ni mgeni wa heshima hauzwi, lakini kuku akampokea.

Alikuwa paka jike, kijivu, mwenye kifua cheupe. Papa alimpa jina la Karani kwa sababu kila asubuhi alikaa mlangoni pa ghala, miguu ya mbele ameiunganisha, akimkagua kila anayeingia na kila anayetoka kama yule karani wa ofisi ya chifu. Mwezi haukuisha panya wakahama. Majirani wakaanza kuja kuweka nafasi ya watoto wa Karani ambao hata mimba yao haikuwapo bado. Mmoja alituma kuku mapema, mama akamrudisha.

Tatizo lilikuwa viroboto. Karani alilala miguuni pa Tata na pangu, na Tata akaamka kila siku amejikuna mpaka ngozi imekuwa na alama kama ganda la karanga. "Huyu mgeni ni mzuri," Tata alilalamika, "lakini amekuja na ukoo wake wote." Wiki ya pili hakutania tena. Alimwambia mama mbele yangu kwamba viroboto wasipotoka nyumbani, paka atarudishwa Malaba na kuku atadaiwa. Nililia kimyakimya nyuma ya jiko. Nilimpenda yule paka kuliko nilivyowapenda kaka zangu, na kaka zangu wakisoma haya wanisamehe, lakini wao hawakuwahi kunipashia miguu moto.

Sasa ili mnielewe ni lazima niwaambie josho, au dipu, lilikuwa nini kwetu. Kabla halijajengwa, ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, ilikuwa ikiua ndama mmoja baada ya mwingine, na nilimwona Papa, mwanamume mrefu asiyependa maneno, akikaa chini karibu na ndama aliyekufa kama mtu aliyepotewa na njia. Halafu josho likaja, na ndama wakaanza kukua. Kila Alhamisi asubuhi ng'ombe wa eneo zima walipangwa foleni, wakapita kwenye kichochoro cha mbao, wakaruka mmoja mmoja ndani ya yale maji mazito ya rangi ya uji wa wimbi, wakaogelea wakikoroma, wakatokea upande wa pili macho yamewatoka. Hapo walisimama kwenye sakafu ya saruji wakichuruzika, na maji yakarudi joshoni kwa mfereji. Hakuna mtu kwetu aliyeliita jambo hilo kuoga. Tulisema ng'ombe wamekwenda kutibiwa.

Msimamizi alikuwa Bwana Wandera, Msamia wa kule chini Sio Port, msaidizi wa vetinari, mwenye kaptula ya kaki, soksi za kufika magotini na baiskeli iliyong'aa kuliko viatu vya padre. Alisimama ukingoni na fimbo yake ya kupimia dawa akatangaza kila Alhamisi maneno yale yale: "Hii dawa inaua kila kitu inatembea kwa ngozi! Kupe, chawa, viroboto, yote! Na mtoto asiguse! Ndama akikunywa hii maji, hiyo tayari ni chakula ya fisi!"

Nusu ya kwanza niliisikia vizuri sana.

Msinicheke upesi. Fikirieni kama mtoto wa wafugaji. Papa alipenda nini duniani kuliko ng'ombe wake? Na dawa ya josho ndiyo aliyowapa. Basi kumpa paka dawa ya ng'ombe hakukuwa kumdhuru, kulikuwa kumpandisha cheo. Ningeweza kumwosha kwa sabuni tu kama nguo chafu, lakini nilimtakia makubwa zaidi. Alhamisi hiyo nilikwenda na kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko, na Bwana Wandera alipogeuka kumkemea mtu aliyeleta mbuzi katikati ya ng'ombe, nikakinga maji mferejini, kopo likajaa.

Wazazi walikuwa shambani wakipalilia na Tata alikuwa amesinzia. Nyuma ya ghala nilimimina yale maji ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, nikamkamata Karani kwa ngozi ya shingo, nikamtumbukiza hadi mabegani. Nilitaka aogelee kama ng'ombe. Yeye hakutaka. Alinichora mikono yote miwili kutoka kiwiko hadi vidole, akaruka, akapanda juu ya jiwe la kusagia, akakaa juani ananitazama kwa chuki ya haki kabisa. Nilijipongeza. Kisha akaanza kujiramba.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, wala sikulijua. Ng'ombe akitoka joshoni husimama akauka. Paka hawezi kukaa mchafu. Ulimi wake ndio kitambaa chake. Alijiramba kifua, akajiramba miguu, akajiramba mkia mpaka ncha, kwa bidii ile ile iliyonifanya nimpende.

Jua lilipofika utosini Karani alikuwa akitetemeka. Udongo mbele yake ulilowa mate. Tata alipoamka na kuangusha ndoo, paka aliruka juu kana kwamba amepigwa, akaanguka ubavu, akainuka akiyumba, akajikokota chini ya ghala. Tata alitazama mara moja tu, akapiga ukelele ulioleta watu kutoka mashamba matatu.

Msimu huo kulikuwa na mbwa mwenye kichaa aliyevuka daraja la mpakani kutoka Uganda, akauma mbwa wengine na watu, na mmoja wa walioumwa alikuwa binamu yake Papa. Alizikwa wimbi likiwa bado halijatoa maua. Sisi watoto hatukuambiwa alivyokufa. Tuliambiwa tu kwamba tukiona mnyama anatokwa mate na kuyumba, tukimbie bila kugeuka. Kwa hiyo Papa alipofika na panga mkononi na kuona mate yale, hakuuliza swali. Aliturudisha wote nyuma, akamtuma kijana wa jirani amkimbilie Bwana Wandera kabla hajafunga josho, kwa sababu amri ilikuwa kwamba mnyama wa namna hiyo lazima vetinari amwone.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, mikono nimeisokota ndani ya gauni. Nilijua ninachotakiwa kusema. Lakini Papa alikuwa ameniambia kwamba siku atakayosikia nimegusa maji ya josho, atanichapa mpaka fimbo ichoke. Alikuwa hajawahi kunichapa hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha, maana hakuna aliyejua akianza ataishia wapi.

Bwana Wandera alikuja akikanyaga baiskeli kwa nguvu, soksi moja imeshuka. Alichuchumaa mbali, akamtazama Karani chini ya ghala kwa muda mrefu.

"Imeanza lini?"

"Leo," alisema Papa. "Asubuhi alikuwa mzima."

"Kichaa haikujangi haraka hivi," Bwana Wandera alinong'ona, kisha akatikisa kichwa. "Lakini siwezi bahatisha, mzee. Hapa tunaua, nakata kichwa, napeleka maabara."

Papa akashika panga vizuri.

"Ngoja kwanza. Nani ameguswa na yeye? Ameuma mtu? Amekwaruza mtu?"

Macho ya Tata yakanigeukia, kwa sababu kila mtu alijua Karani alikuwa wa nani. Mama akanivuta mbele, akanitoa mikono ndani ya gauni. Damu ilikuwa imeganda kwenye mistari mirefu myekundu. Nakumbuka kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu ya watu na hakuna aliyewafukuza. Papa alitazama mikono yangu, akalilaza panga chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Huyu lazima aende hospitali," Bwana Wandera alimwambia mama, na sauti yake ya kutangaza ilikuwa imeisha. "Leo leo. Ni sindano kumi na nne, mama. Kwa tumbo. Kila siku moja."

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba hapo nilikiri kwa ajili ya Karani, kwamba sikuweza kuona rafiki yangu anakufa kwa kosa langu. Wanangu walikua wakiamini hivyo. Leo niseme ukweli: zilikuwa ni zile sindano. Kichwa cha paka kingekatwa labda ningelia tu. Niliposikia "kwa tumbo", mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni mimi! Nilimuosha na maji ya dipu! Si wazimu, ni viroboto!"

Bwana Wandera hakunikubali mara moja. Nadhani alikuwa ameona watoto wengi wakidanganya kwa kuogopa sindano. "Kopo iko wapi?" aliuliza. Nikampeleka. Alinusa kopo, akanusa kile chungu, akakuta humo manyoya ya kijivu yakielea. Akarudi ghalani, akalala kifudifudi na kaptula yake safi, akanyoosha shingo kumnusa paka.

"Mzee!" alipaza sauti kutoka chini huko. "Hii si kichaa! Hii ni dipu! Lete maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, haraka!"

Mama alikuja kwanza na maziwa, kwa sababu kwetu aliyekula sumu hupewa maziwa. Bwana Wandera alimzuia. Alisema dawa ile hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta, yangeisaidia kuingia ndani zaidi. Alisema pia tusipige kelele wala kugonga vyombo, maana kila kishindo kingemletea mtetemeko, na kwamba paka hawezi dawa za ng'ombe hata tone, kwa sababu kila kinachowekwa juu ya ngozi yake kitaishia tumboni. Alieleza haya akikunja mikono ya shati, akajifunga gunia mikononi, tayari kumshika Karani. Papa akamsogeza kando.

Papa, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa paka hata kwa mguu, alipiga magoti mbele ya karai, akafunga mikono yake kwa lile gunia na kumtoa Karani chini ya ghala. Alimsabuni, akamsuuza, akamsabuni tena. Sabuni ilimponyoka mara tatu. Alikuwa akicheka, kicheko kidogo cha puani kisicho na sababu, na aliniita mimi, si mtu mwingine, nimletee maji. "Ongeza, Amoit," alisema. "Ongeza, mama." Nilingoja fimbo. Haikuja. Baada ya Karani kusuuzwa, Papa alinivuta akaniosha mikono yangu pia kwa sabuni ile ile, mikwaruzo yote, muda mrefu kupita kiasi, nami nikavumilia kwa sababu iliwasha lakini haikuwa sindano.

Karani alifungwa kwenye shuka la Tata, akalazwa ndani ya kikapu jikoni, gizani. Bwana Wandera alibaki akinywa ajon, pombe yetu ya wimbi, kwa mrija mrefu pamoja na majirani. Kwa viroboto alitoa ushauri ambao ninautumia mpaka leo: mnyama aogeshwe kwa sabuni ya kawaida na achanwe kwa kitana cha meno yaliyokaribiana, matandiko yachemshwe na kuanikwa juani, na sakafu ifagiliwe kila siku mpaka pembeni, kwa sababu viroboto wengi hawako juu ya paka, wako pale anapolala. Tata aliuliza kama hilo lina maana kwamba viroboto ni wake. Bwana Wandera akainamia mrija wake. Mwishowe alikiri kwamba tangu aanze kazi hakuwahi kutibu paka. Alikuwa amefikiria tu ndama mmoja aliyeanguka joshoni akanywa, na alivyotetemeka. Papa alimsindikiza hadi barabarani akimsukumia baiskeli, wakasimama huko wanaongea kwa muda.

Karani aliamka siku ya pili akiyumba, siku ya tatu akanywa maji. Na hapo ndipo Papa alipotushangaza sote. Kila asubuhi, kabla hajaenda kwa ng'ombe, aliingia jikoni akachuchumaa mbele ya kikapu. "Karani amekula?" aliuliza. "Ametembea? Amekunywa maji?" Alitoka mpaka soko la Malaba akarudi na omena kwenye kipande cha gazeti, na kwa mkono wake mwenyewe akampa dagaa hao mmoja mmoja. Nilijivuna shuleni kwamba baba yangu anapenda paka kuliko baba wote. Siku ya kumi Karani alipanda mlangoni pa ghala, akaunganisha miguu ya mbele, akaanza kazi. Papa alimwona, akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na nguo zake za shamba, akakaa sana. Siku hiyo ng'ombe walikwenda malishoni jua limeshapanda. Baada ya hapo hakumgusa tena yule paka maisha yake yote.

Nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni mama aliponiambia. Tulikuwa tukimenya karanga na mimi nikisimulia kisa changu cha paka kwa namna ile ya zamani, nikafika kwenye omena nikacheka. Mama hakucheka. Aliniambia kwamba Papa ndiye aliyemshika binamu yake zile siku za mwisho, ndiye aliyejua mtu huyo alivyoogopa maji na jinsi alivyolia. Na kule barabarani Bwana Wandera alikuwa amemwambia, mbali na masikio yetu: mtoto amesema ni dipu na mimi naamini, lakini tusibahatishe na kichaa, tungoje siku kumi. Paka akiwa mzima siku ya kumi, mtoto hana neno. Akifa kabla, usiulize amekufa na nini, mpeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo.

"Baba yako hakuwa anaangalia paka," mama alisema.

 Nilimfikiria akiinuka kila alfajiri akitembea hatua zile chache kutoka mlangoni kwake hadi jikoni, bila kujua atakuta nini ndani ya kikapu, na mimi nikiwa nimelala pembeni nikikoroma, nikiota nimesamehewa kwa sababu ya paka. Siku kumi alibeba hofu hiyo peke yake, wala hakuniacha niione hata kidogo. Nilikuwa nimemwogopa kwa ajili ya fimbo.

Nilitoka nje. Papa alikuwa amekaa juani, mzee tayari, kofia imemshukia machoni. Nilimshusha mtoto mgongoni nikamkalisha mapajani pake, nikakaa chini karibu na miguu yake. Akaniuliza kama nimekumbuka sukari. Nikamwambia nimeleta kilo mbili. Akasema vizuri, akashika mikono midogo ya mtoto, akaigeuza huku na huku akiitazama mpaka mama alipotuita kwenye chai.